Jaji H. R. Khanna wa India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mjadala wa kubadilisha Katiba unapozuka Nairobi, Dodoma au Kampala, kuna kesi moja ya India, ile ya Kesavananda ya mwaka 1973, ambayo mawakili hawakosi kuitaja. Nyuma ya kesi hiyo yupo jaji ambaye wengi wanamfahamu nusu nusu. Hapa nimekusanya maswali ambayo wanafunzi wa sheria na wasomaji wa kawaida huuliza juu yake. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu hata maisha yake hayakwenda kwa kipimo kimoja: miaka arobaini na ushee ya kazi tulivu, kisha swali moja mahakamani lililomfanya akumbukwe.

Khanna alikuwa nani, kwa kifupi?

Hans Raj Khanna alizaliwa Amritsar, Punjab, tarehe 3 Julai 1912, akafariki tarehe 25 Februari 2008 akiwa na umri wa miaka 95. Aliketi katika Mahakama ya Juu ya India kuanzia Septemba 1971 hadi Machi 1977. Anakumbukwa kwa kesi mbili. Mwaka 1973 kura yake ndiyo iliyoamua kwamba Bunge la India linaweza kurekebisha Katiba lakini haliwezi kuivunja mhimili. Mwaka 1976, katika kesi ya Jabalpur, alibaki peke yake, mmoja dhidi ya wanne, akikataa kusema kwamba serikali inaweza kumweka mtu kizuizini na mahakama ikanyamaza.

Alitoka katika familia ya vigogo?

Ya watu waliojiweza, tuseme hivyo. Baba yake, Sarb Dyal Khanna, alikuwa wakili na mpigania uhuru aliyewahi kuwa meya wa Amritsar. Kwa hiyo kijana hakukutana na majoho ya mawakili kwa mara ya kwanza ukubwani. Alisoma Amritsar, kisha akaenda chuo cha sheria Lahore, mji ambao leo uko Pakistan lakini wakati ule ulikuwa kitovu cha Punjab nzima. Mwaka 1934 alirudi kwao na kuanza uwakili.

Alipandaje hadi Mahakama ya Juu?

Polepole, na kwa mlango wa chini. Mwaka 1952 aliteuliwa jaji wa wilaya, kazi ya kusikiliza mauaji, wizi na ugomvi wa mashamba. Mwaka 1962 akaingia Mahakama Kuu ya Punjab. Mahakama Kuu ya Delhi ilipoundwa mwaka 1966 alihamia huko, na mwaka 1969 akawa Jaji Mkuu wake. Miaka miwili baadaye akaitwa Mahakama ya Juu.

Naona hii miaka ya wilayani hupuuzwa mno. Jaji aliyezoea kutazamana uso kwa uso na mshtakiwa, siyo majalada peke yake, huwa hasahau kwamba neno "kizuizi" lina mtu ndani yake. Hayo ni maoni yangu, lakini ukizisoma hukumu zake utaona lugha ya mtu wa kazi. Hapambi sana.

Kesi ya Kesavananda ilihusu nini?

Ilianza na ardhi. Kesavananda Bharati alikuwa kiongozi wa nyumba ya watawa wa Kihindu huko Edneer, wilaya ya Kasaragod, jimbo la Kerala. Serikali ya jimbo ilikuwa inaweka ukomo wa ukubwa wa ardhi ambayo mtu au taasisi inaweza kumiliki, na mashamba ya nyumba hiyo yakaguswa. Mtawa akaenda Mahakama ya Juu.

Hadi kesi inaanza kusikilizwa, ardhi ya Edneer ilikuwa imekuwa kisingizio tu. Serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilikuwa imepitisha marekebisho ya Katiba yaliyoipa Bunge uwezo wa kubadilisha ibara yoyote, hata zile za haki za msingi. Swali likawa: je, kuna kitu ndani ya Katiba ambacho Bunge haliwezi kukigusa, hata likiwa na theluthi mbili ya kura?

Jopo lilikuwa la majaji 13, kubwa kuliko lolote lililowahi kuketi India. Walisikiliza kwa siku 68, kuanzia tarehe 31 Oktoba 1972 hadi Machi 1973. Upande wa mlalamikaji uliongozwa na Nani Palkhivala, wakili wa Bombay ambaye hadi leo hadithi zake husimuliwa katika korido za mahakama za India. Hukumu ikasomwa tarehe 24 Aprili 1973, Jaji Mkuu S. M. Sikri akiwa anakaribia kabisa kustaafu. Zilitoka hukumu 11 tofauti katika kesi moja. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuzisoma zote atajua maana ya uvumilivu.

Kwa nini husemwa kwamba kura ya Khanna ndiyo iliyoamua?

Hesabu ni rahisi. Majaji sita walisema mamlaka ya Bunge yana mipaka, hasa katika haki za msingi. Sita wengine walisema Bunge halina mpaka katika kurekebisha Katiba. Khanna akabaki katikati, wala hakuegemea moja kwa moja kambi yoyote.

Alikubaliana na upande wa serikali kwamba Bunge linaweza kurekebisha ibara za haki za msingi, ikiwemo haki ya kumiliki mali. Lakini, akasema, neno "kurekebisha" lina maana yake. Ukirekebisha kitu, baada ya hapo kile cha zamani lazima kiwepo bado. Mtu akikupa nyumba uifanyie ukarabati, hakukupa ruhusa ya kuibomoa ukajenga ghala (mfano ni wangu, hoja ni yake). Kwa hiyo Bunge haliwezi kubadilisha muundo msingi wa Katiba. Kura saba kwa sita.

Ndipo likazaliwa fundisho la muundo msingi. Wengine humlaumu kwa kutoorodhesha wazi nini kimo na nini hakimo ndani ya muundo huo, na lawama hiyo ina ukweli. Watu walimsoma vibaya, wakadhani amezitoa haki za msingi nje ya ulinzi. Ilibidi afafanue Novemba 1975, katika kesi ya uchaguzi wa Indira Gandhi, kwamba hakumaanisha hivyo.

Wazo hilo alilibuni yeye?

Hapana. Mwaka 1965 mtaalamu wa sheria kutoka Ujerumani, Dieter Conrad, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Banaras juu ya mipaka isiyoandikwa ya mamlaka ya kurekebisha katiba. Alitoka nchi ambayo Katiba ya Weimar, ile ya kabla ya Wanazi, iliangushwa kwa kutumia Katiba yenyewe, kwa hiyo alijua anachokizungumzia. Wazo lilimfikia Palkhivala, likafika mahakamani, na Khanna alimtaja Conrad katika hukumu yake. Hakujidai mwanzilishi.

Serikali ilipokeaje hukumu hiyo?

Kwa hasira, na haraka. Desturi ya India ni kwamba jaji mwandamizi kuliko wote ndiye anayerithi kiti cha Jaji Mkuu. Siku chache baada ya hukumu, serikali iliwaruka majaji watatu wa mstari wa mbele, Shelat, Hegde na Grover, ambao wote walikuwa wamepiga kura dhidi yake, ikamteua A. N. Ray aliyekuwa upande wake. Wote watatu wakajiuzulu. Shika jambo hili akilini, maana Khanna aliliona kwa macho yake miaka mitatu kabla ya zamu yake kufika.

Hali ya hatari ya 1975 ilianzaje?

Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilimkuta Indira Gandhi na hatia ya kukiuka sheria za uchaguzi na kubatilisha ubunge wake. Mahakama ya Juu ikampa nafuu ya muda yenye masharti. Usiku wa tarehe 25 Juni Rais Fakhruddin Ali Ahmed akatia saini tangazo la hali ya hatari. Kabla ya kucha, wapinzani walikuwa wanachukuliwa majumbani mwao: Jayaprakash Narayan, Morarji Desai na wengine wengi. Magazeti yakawekewa wakaguzi.

Sheria iliyotumika zaidi ilikuwa ile ya usalama wa ndani ya mwaka 1971, maarufu kwa kifupi chake MISA. Iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Ukijumlisha na waliokamatwa chini ya kanuni za ulinzi wa nchi, idadi ilipita watu 100,000.

Siku mbili baada ya tangazo, amri ya Rais ilisimamisha haki ya kwenda mahakamani kudai ulinzi wa ibara ya 21, ile inayosema mtu hatanyang'anywa uhai wala uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Na kesi ya Jabalpur?

Ndugu na mawakili wa waliokamatwa walikwenda Mahakama Kuu za majimbo kuomba ile amri ya kale, ambayo mawakili huiita kwa Kilatini habeas corpus: mleteni huyu mtu mbele ya mahakama, mwonyeshe mnamshikilia kwa sheria gani. Serikali ikajibu kwamba ibara ya 21 imesimamishwa, kwa hiyo hakuna wa kuuliza.

Mahakama Kuu tisa zilikataa jibu hilo. Zilisema kwamba hata katika hali ya hatari, jaji anaweza kuangalia kama amri ya kizuizi imetolewa na mwenye mamlaka, kwa nia njema, na kwa mtu sahihi. Hilo si dai kubwa. Ni kama kumuuliza askari, "Mkuu, hii karatasi yako imegongwa muhuri na nani?"

Serikali ikakata rufaa. Kesi zote zikaunganishwa chini ya jina la ile iliyotoka mji wa Jabalpur, jimbo la Madhya Pradesh, iliyomhusu Shivkant Shukla. Waliosikiliza walikuwa majaji watano waandamizi: Jaji Mkuu Ray, Khanna, M. H. Beg, Y. V. Chandrachud na P. N. Bhagwati.

Ni swali gani maarufu aliloliuliza?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu.

Mwanasheria Mkuu Niren De alikuwa anaeleza kwamba uhuru wa mtu umesimamishwa na mahakama haina la kufanya. Khanna akamkumbusha kwamba ibara ya 21 haitaji uhuru peke yake. Inataja na uhai. Je, hoja ya serikali inafika huko pia? Yaani askari akimuua mtu bila sheria yoyote, hata kwa chuki yake binafsi, ndugu wa marehemu wasiwe na mahakama ya kuikimbilia?

De hakukwepa. Alijibu kwamba, kwa kufuata hoja yake, ndiyo: maadamu hali ya hatari ipo, mahakama hazina msaada.

Yapo maelezo mengi juu ya De na kwa nini alijibu hivyo. Wapo wanaosema alitia chumvi makusudi ili majaji washtuke. Kama ndivyo, wanne hawakushtuka.

Wala jibu lake halikuwa nadharia. Mwanzoni mwa Machi 1976, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, mwanafunzi wa uhandisi wa Calicut aitwaye Rajan alichukuliwa na polisi huko Kerala, akafia mikononi mwao. Baba yake, mwalimu Eachara Varier, alihangaika mwaka mzima mlango hadi mlango. Aliweza kufungua kesi mwaka 1977 tu, hali ya hatari ilipoisha. Mwili wa mwanawe hakuupata.

Majaji wanne walisema nini?

Kwamba serikali ilikuwa sahihi. Hukumu ilitoka tarehe 28 Aprili 1976: kwa sababu ya amri ya Rais, hakuna mtu mwenye haki ya kufungua ombi la aina hiyo, hata kama kizuizi ni kinyume cha sheria, hata kama kimetokana na chuki.

Wahenga wetu walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa walikuwa wanne na neno likaharibika. Beg alifika mahali pa kuandika kwamba waliozuiliwa wanalazwa vizuri, wanalishwa vizuri na wanatunzwa karibu kama mama anavyotunza wanawe. Chandrachud alieleza tumaini, linalong'aa kama almasi, kwamba mabaya yanayohofiwa hayatatokea. Yule mwanafunzi wa Calicut alikuwa amekwisha kufa.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hoja yao ya kisheria haikutoka hewani. Katiba ya India kweli iliruhusu haki za msingi kusimamishwa wakati wa hali ya hatari, na mahakama za Uingereza zilikuwa zimefanya jambo linalofanana wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kesi ya Liversidge ya mwaka 1941, ambako pia jaji mmoja, Lord Atkin, alibaki peke yake. Tatizo ni kwamba kufikia 1976 Waingereza wenyewe walikuwa wanaionea haya hukumu hiyo.

Khanna alisema nini katika hukumu yake?

Hoja yake, ukiivua majoho, ni hii: haki ya kuishi na kuwa huru haikuletwa na Katiba. Ilikuwepo kabla yake. Hata chini ya Mwingereza, afisa hakuweza kumfunga mtu bila sheria ya kumruhusu. Kwa hiyo ukiifunika ibara ya 21, hujaifuta haki yenyewe, umefunika karatasi moja iliyoiandika. Serikali bado inahitaji sheria kila inapomgusa mtu, na mahakama bado ina kazi ya kuuliza sheria hiyo iko wapi.

Aliandika pia kwamba kumfunga mtu bila kumshtaki ni chukizo kwa kila apendaye uhuru wa binadamu. Na alionya juu ya kuridhika na sura ya sheria tu, akikumbusha kwamba kwa sura hiyo hata mauaji ya halaiki ya Wanazi yalikuwa "sheria".

Mwishoni alichukua maneno ya Charles Evans Hughes, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, kwamba hukumu ya jaji aliyetofautiana na wenzake ni rufaa kwa akili ya siku zijazo. Alijua hakushinda.

Alijua pia itamgharimu?

Alijua kabisa. Ameandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba kabla ya hukumu kusomwa alimwambia dada yake kuwa ameandaa hukumu itakayomkosesha ujaji mkuu wa India. Majaji watatu wa 1973 walikuwa mfano hai, hakuhitaji mganga wa kumpigia ramli.

Siku mbili baada ya hukumu, gazeti la New York Times liliandika katika tahariri yake kwamba India ikipata kurudi kwenye uhuru wake, bila shaka kuna atakayemjengea Khanna mnara. Ndani ya India magazeti hayakuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

Kwa hiyo alinyimwa cheo kweli?

Ndiyo. Ray alipostaafu Januari 1977, Khanna ndiye aliyekuwa mwandamizi. Serikali ikamteua Beg, aliyemfuata. Khanna alijiuzulu mara moja, na kufikia Machi alikuwa ametoka.

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni mpangilio wa siku. Indira Gandhi alikuwa amekwisha kutangaza uchaguzi. Watu walipiga kura Machi, yeye akaanguka hata katika jimbo lake mwenyewe, na hali ya hatari ikaondolewa tarehe 21 Machi 1977. Laiti uteuzi ule ungechelewa miezi miwili.

Wale wanne wa upande wa pili? Kila mmoja wao alikuwa Jaji Mkuu wa India kwa wakati wake. Chandrachud alikaa kwenye kiti miaka saba, muda mrefu kuliko mwingine yeyote.

Lakini si angestaafu tu baada ya miezi michache?

Ni kweli. Majaji wa Mahakama ya Juu ya India hustaafu wakiwa na miaka 65, na Khanna angeifikisha Julai 1977. Alichokosa ni ujaji mkuu wa takriban miezi mitano. Wapo wanaotumia hoja hii kupunguza uzito wa jambo.

Mimi naiona kinyume. Mtu aliyefanya kazi tangu 1934, akabakiza ngazi moja, na ngazi yenyewe ni ya miezi mitano, ana sababu zote za kujiambia "acha nipite salama". Isitoshe, hakuwa mwanaharakati, hakuwa na chama wala umati wa kumshangilia. Alikuwa ofisa wa sheria mwenye tabia ya kufika kazini mapema na kusoma majalada yake.

Baada ya kustaafu alifanya nini?

Mambo kadhaa, mengine hayakumkaa. Serikali mpya ilitaka aongoze uchunguzi wa maovu ya hali ya hatari, akakataa kwa sababu angeonekana analipiza kisasi. Kazi hiyo akapewa Jaji J. C. Shah. Khanna aliongoza Tume ya Kurekebisha Sheria. Mwaka 1979 alikubali kuwa waziri wa sheria katika serikali ya Charan Singh, akaacha baada ya siku chache tu. Siasa haikuwa nyumbani kwake.

Ni kweli aligombea urais?

Ndiyo, mwaka 1982, kama mgombea wa pamoja wa vyama vya upinzani. Rais wa India huchaguliwa na wabunge wa taifa na wa majimbo, na kura zao huwekewa uzito maalumu. Zail Singh wa chama cha Indira Gandhi alipata 754,113, Khanna 282,685. Kwa hesabu za bungeni matokeo yalijulikana kabla ya kampeni. Mwaka 1999 alipewa nishani ya Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa nchini India.

Hukumu ya Jabalpur bado ni sheria?

Ilikufa mara mbili. Kwanza, mwaka 1978 marekebisho ya 44 ya Katiba yaliweka kwamba ibara ya 20 na ya 21 haziwezi kusimamishwa hata katika hali ya hatari. Aliyekuwa waziri wa sheria wakati huo ni Shanti Bhushan, mmoja wa mawakili walioshindwa katika kesi ile ile ya Jabalpur.

Lakini hukumu yenyewe ilibaki vitabuni kama nyoka aliyekufa ambaye hakuna aliyemzika. Tarehe 24 Agosti 2017, katika kesi ya Puttaswamy juu ya haki ya faragha, jopo la majaji tisa liliitangua rasmi na kusema kwamba Khanna ndiye aliyekuwa sahihi. Jaji aliyeandika maneno hayo ni D. Y. Chandrachud, mtoto wa kumzaa wa Y. V. Chandrachud, mmoja wa wale wanne. Baba alikuwa ameshafariki.

Kuna kati ya wale wanne aliyejuta hadharani?

Bhagwati. Mwaka 2011, miaka 35 baadaye, alikiri kwamba alikosea na akaomba radhi. Kwa miongo kadhaa katikati alikuwa amesifika kwa kuwafungulia maskini milango ya mahakama, hata barua ya mkono ikapokelewa kama kesi. Binadamu hasomeki kwa ukurasa mmoja.

Afrika Mashariki tunamjuaje?

Kwa njia ya fundisho la muundo msingi. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya, ililitegemea fundisho hilo kusema Bunge haliwezi kuandika katiba mpya kwa kisingizio cha kurekebisha ya zamani. Likarudi kwa kishindo katika kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba ya Kenya. Mahakama Kuu tarehe 13 Mei 2021 na Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo zilisema fundisho linatumika Kenya. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ikasema halitumiki, ingawa mchakato wa BBI nao haukupona. Reggae, kama waungaji mkono wa BBI walivyouita mchakato wao, ilizimwa kwa njia nyingine.

Tanzania, Mahakama ya Rufani ilikataa kulitumia mwaka 2010 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila juu ya mgombea binafsi. Uganda lilijadiliwa kwa kirefu katika kesi ya kuondoa ukomo wa umri wa Rais. Kwa ufupi, mahakama zetu zimemsoma Khanna wa 1973 kwa makini, wengine wakamkubali, wengine wakamwambia asante, sisi tuna utaratibu wetu.

Khanna wa 1976 hatumsomi sana, na hapo ndipo ninaposhangaa. Sheria ya Kizuizini ya Tanganyika ya mwaka 1962 ilisema waziwazi kwamba amri ya Rais haitahojiwa katika mahakama yoyote. Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa gereza la Kamiti mwaka 1978 bila kushtakiwa kwa lolote. Neno "kizuizini" halihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote wa huku aliyezidi miaka hamsini.

Ni makosa gani hurudiwa mara nyingi juu yake?

La kwanza, kumwita Jaji Mkuu wa India. Alikuwa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Delhi. La pili, kumfanya adui wa Indira Gandhi. Katika Kesavananda aliikubalia serikali mambo mengi, ikiwemo kugusa haki ya mali, na waliokuwa wanampinga Indira wakati ule hawakumfurahia.

Ule mnara ulijengwa?

Wa jiwe, sijui wa kuutaja. Ila mwaka 1978 picha yake ilitundikwa katika Chumba Namba 2 cha Mahakama ya Juu, chumba alichokuwa akiketi, naye akiwa hai. Heshima hiyo haikuwa imetolewa kwa jaji mwingine kabla ya kufa.

Jaji Sanjiv Khanna ni nani wake?

Mtoto wa ndugu yake. Januari 2019 aliteuliwa Mahakama ya Juu, na siku yake ya kwanza aliketi Chumba Namba 2, chini ya picha ya ami yake. Wengi waliandika kwa machozi. Wachache zaidi walikumbusha kwamba katika uteuzi huo, majaji zaidi ya 30 waliomtangulia kwa uandamizi nchini walirukwa, na kwamba ulizua malalamiko kati ya majaji wastaafu. Tarehe 11 Novemba 2024 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu wa India. Alikaa miezi sita.